Jiwe linatoa unga, picha ina ukungu: kutafuta chanzo pale mawe na sanaa vinapokaa sebule moja

Mwanza hakuna haja ya kumshawishi mtu apende mawe. Ukifungua mlango wa nyuma Isamilo, Igogo au Mabatini unakutana na jabali, na nyumba nyingi za milimani zimejengwa zikiliegemea. Ndiyo maana mtindo huu umekubalika huku: picha ya tingatinga ukutani, kinyago cha mpingo kando yake, na katikati kipande cha ametisti (kwatzi ya zambarau), jiwe la Geita lenye chembe zinazometa, au amonaiti ya Madagaska, yaani gamba la mnyama wa kale wa baharini lililogeuka jiwe, iliyopasuliwa na kung'arishwa. Vikipangwa kwa akili, vinapendeza kuliko kabati lolote la vyombo.

Shida huanza masika yakishapita. Jiwe linatoa unga, picha inapata madoa, kinyago kinapasuka, na mwenye nyumba anaamini ameuziwa kitu kibovu. Mara nyingi hakuuziwa kitu kibovu. Mawe na sanaa vinaweza kutazamwa pamoja, ila havitaki hewa moja. Ukavu unaoponya jiwe moja ndio unaopasua kinyago cha jirani yake, na mbao inayopendeza chini ya picha inaweza kulila gamba la kale taratibu. Karibu kila dalili iliyoandikwa hapa inarudi kwenye jambo hilo.

Kabla ya yote: usifute, usioshe. Piga picha kwa simu ukiwa karibu kabisa, ndipo uguse. Unga ukishafutwa huwezi tena kujua ulitokea wapi.

Unga mweupe au wa njano umetokea juu ya jiwe

Hii ndiyo dalili inayotibiwa vibaya kuliko zote, kwa sababu ina vyanzo vinne vinavyofanana kwa mbali, na dawa ya kimoja ni sumu kwa kingine.

Anza na jiwe lenyewe. Je, lina pairaiti, yaani yale madini ya manjano yenye mng'ao wa chuma yanayoitwa dhahabu ya wajinga? Mawe mengi ya ukanda wa dhahabu wa Geita yanayo, mengine kwa vipande vya wazi, mengine kwa chembe zilizozama ndani ya kwatzi. Hata visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, vinaweza kuwa nayo. Zipo amonaiti ambazo gamba lote lilishageuka kuwa pairaiti. Madini haya ni chuma na salfa. Yakikaa muda mrefu kwenye hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 60, yanaanza kuharibika: salfa inazaa tindikali, na chuma kinageuka chumvi nyeupe, ya njano au ya kijani hafifu.

Lisogeze dirishani ulitazame kwa kioo cha kukuzia au kwa kamera ya simu. Vumbi la kawaida hutua juu ya jiwe. Unga wa pairaiti unachomoza kutoka ndani ya nyufa, na kandokando ya ufa mng'ao umekufa, jiwe limekuwa kijivu. Nusa: utapata harufu ya kiberiti. Kisha tazama karatasi ya jina uliyoiweka chini yake. Ikiwa imegeuka kahawia na inavunjika ukiikunja, tindikali imeshaifikia, na itafika pia kwenye fremu ya picha, kwenye kitambaa cha meza na kwenye kisukuku cha chokaa kilicho jirani. Lihamishe jiwe hilo siku hiyohiyo.

Usilioshe. Maji ndiyo yaliyoanzisha ugonjwa. Toka nje, vaa glavu na barakoa, tandika gazeti, toa unga wote kwa brashi laini na kavu ya rangi, kisha gazeti na unga wake uvitupe. Baada ya hapo jiwe liingie kwenye chombo cha kioo au plastiki angavu kinachofunga vizuri, pamoja na silika jeli na kipima unyevu kidogo cha dijitali. Lenga chini ya asilimia 50. Vile vipaki vinavyokuja na viatu vipya vinafaa, ila vingi vimeshashiba unyevu kabla havijakufikia. Zitoe punje zake kwenye karatasi, uzikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa 2 au 3, uzirudishe kwenye mfuko wa kitambaa chepesi. Mchele ambao watu hupenda kuuweka hauwezi kazi hii, na unaita wadudu. Jua pia kwamba sehemu iliyokwisha kuoza hairudi. Unachofanya ni kuusimamisha ugonjwa hapo ulipofika.

Chanzo cha pili kinashambulia vitu vya chokaa: konokono na makome, matumbawe, na amonaiti nyingi zile zisizo za pairaiti. Hapa utaona fuwele ndogondogo nyeupe zilizoota juu ya gamba, na ukifungua kabati asubuhi unakutana na harufu ya siki. Mkosaji ni kabati. Plaiwudi, MDF na vanishi ambayo haijakauka sawasawa hutoa mvuke wa tindikali, na kabati likifungwa mvuke huo unajikusanya na kulila gamba. Wanaotunza makome wanauita ugonjwa wa Byne, kwa jina la Mwingereza aliyeueleza mwishoni mwa karne ya 19 akidhani unaletwa na vimelea. Vimelea havihusiki. Vitoe vitu vyote, vipanguse kwa brashi kavu, acha kabati wazi wiki kadhaa, kisha ndani ulifunike kwa karatasi ya alumini pale vitu vinapokaa. Kama bado hujatengeneza kabati, mwambie fundi akufanyie fremu ya chuma yenye rafu za kioo. Ni gharama ya mara moja, na tingatinga iliyo nyuma yake utaiona vizuri zaidi.

Chanzo cha tatu ni ukuta. Unga uko nyuma ya jiwe, upande unaogusa plasta, na mwingine umemwagika kwenye rafu. Huo ni ukuta unaotoa chumvi, na jiwe halina kosa lolote.

Cha nne ni jiwe ambalo lenyewe ni chumvi. Zile taa za chumvi mawe za rangi ya waridi zinaanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na usiku wa masika kando ya ziwa kiwango hicho si kigeni. Zinatokwa jasho, zinaacha kidimbwi, na kidimbwi kikikauka kinaacha ganda jeupe. Ziweke kwenye sahani, mbali na picha, na kamwe zisikae juu ya kifaa cha umeme.

Ukiona bado hujui ni kipi, chemsha majani machache ya kabichi la zambarau, chuja, acha maji yapoe. Tia matone kwenye kisahani cheupe na udondoshee unga kidogo uliouchukua kwa ncha ya kisu. Maji yakigeuka waridi au mekundu, una tindikali mkononi: ni pairaiti. Yakigeuka bluu iliyokolea au kijani, umepata chokaa au saruji ya ukutani. Yasipobadilika sana, rudi kwenye harufu ya kabati na kwenye chumvi. Jaribio hili lifanyike kwenye kisahani tu, kamwe si juu ya jiwe.

Picha ina madoa, ubao umevimba chini, au kinyago kimepasuka

Dalili hizi nimeziweka pamoja kwa sababu watu huzitibu kwa dawa moja, ilhali zinavuta pande mbili tofauti: picha inaumwa unyevu, kinyago kinaumwa ukavu.

Kwa picha, swali la kwanza ni kama unyevu unatoka ukutani au hewani. Chukua kipande cha sandarusi, ile plastiki nyembamba angavu, cha sentimita 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, uache siku mbili. Maji yakionekana upande wa ukuta, ukuta ndio unaolowa. Yakiwa upande wa chumbani, ni hewa ya nyumba. Kwenye nyumba zilizoegemea jabali jibu la kwanza ni la kawaida mno: maji ya mvua yanateremka kwenye jiwe, yanakwama nyuma ya ukuta, na plasta inayanywa. Rangi mpya haitakusaidia. Kinachosaidia ni mfereji wa kuyapitisha maji kati ya jabali na ukuta, na kuhamishia sanaa ukuta mwingine.

Picha za tingatinga zinastahili uangalizi wa pekee. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, nyingi zimechorwa kwa rangi ya mafuta yenye mng'ao, ile ya baiskeli, na za mwanzo hasa ziko juu ya ubao mgumu wa nyuzi za mbao. Rangi ya mbele inastahimili. Nyuma na kingo za ubao haziko hivyo: zinanyonya unyevu, zinavimba, na uvimbe unaonekana kwanza kwenye ukingo wa chini. Bandika vipande vya mbao au kizibo vya unene wa sentimita 1 hadi 2 kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite kati ya picha na ukuta. Usiwahi kuifunga nyuma kwa sandarusi. Utakuwa umeufungia unyevu ndani.

Kinyago cha mpingo kikipasuka, tazama kilikaa wapi. Karibu na taa inayotoa joto? Nyuma ya friji? Kwenye jua la jioni? Au, na hili ndilo linalotokea kwa wapenda mawe, kwenye kabati lilelile lililotiwa silika jeli kuokoa pairaiti? Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na watu hudhani uzito huo ni uimara wa kila aina. Ni mti bado. Ukikaushwa ghafla, nje inasinyaa kabla ya ndani, na ufa unafuata nyuzi. Kinachoutunza ni hewa isiyobadilikabadilika, karibu asilimia 50 au 55, si ukavu.

Hapo ndipo penye ufumbuzi wa jambo zima. Usilikaushe kabati. Lifungie jiwe moja linalotaka ukavu ndani ya boksi lake dogo la akriliki, na boksi hilo, likiwa limefungwa, ulisimamishe kwenye rafu panapoonekana, kando ya kinyago. Silika jeli ifiche chini ya kitako cha uongo ndani ya boksi. Mgeni ataviona pamoja, ilhali kila kimoja kiko kwenye hewa yake.

Rangi imefifia

Jiji letu linatazama ziwa upande wa magharibi. Nyumba za Capri Point na Kirumba zenye madirisha makubwa ya kutazama maji ndizo zinazopata jua kali la saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, na maji yanarudisha mwanga mwingine juu yake. Ametisti inapauka. Floriti na kwatzi ya waridi pia. Batiki inapauka kabla ya zote.

Ukitaka uhakika, funika nusu ya kipande cha kitambaa cha batiki kwa karatasi ya alumini, kiweke palepale kwenye rafu, uje ukifunue baada ya miezi michache. Tofauti ikionekana, mahali hapo si pa ametisti. Paweke graniti, akiki ambayo haikutiwa rangi, hematiti, au lile jiwe la Longido lenye yakuti nyekundu ndani ya zoisiti ya kijani. Hayo jua halitayafanya kitu. Mpira wa kwatzi angavu usiuweke dirishani hata kidogo. Unakusanya jua kama lenzi na umeshachoma mapazia ya watu.

Wenye tanzanaiti huulizia jambo lingine: mchana ni ya bluu, usiku imekuwa zambarau. Haijaharibika. Madini haya, yaliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, huonyesha rangi tofauti kwa jinsi unavyoyageuza na kwa aina ya taa. Mwanga wa njano unatoa uzambarau, mwanga mweupe wa mchana unatoa bluu. Chagua taa kwa rangi unayoipenda. Isipate tu kuanguka wala kubadilishiwa joto ghafla, kwani ina upande ambao hupasuka kirahisi.

Rangi ikitoka kwenye kitambaa ulichofutia, hiyo si kufifia. Akiki za waridi kali na za bluu kali nyingi zimetiwa rangi. Pamba yenye asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, ikipitishwa sehemu iliyofichika, itakuambia.

Kila kitu ni kizuri peke yake, pamoja havionekani

Wengi hudhani hili ni suala la ladha tu. Nalihesabu kama hitilafu yenye vyanzo vinavyotafutika, na kila kimoja kinarekebishika bila kununua chochote.

Kwanza, vitu viwili vinapiga kelele kwa wakati mmoja. Tingatinga yenye chui, tausi na maua imejaa rangi kila kona. Ukiweka ametisti chini yake macho hayajui pa kutua. Chini ya picha hiyo weka kitu chenye umbo na kisicho na rangi nyingi: amonaiti ya kahawia, kipande cha mti uliogeuka jiwe, au jiwe la chuma lenye mistari myekundu na myeusi. Ametisti ipeleke kwenye mchoro wa penseli au picha ya nyeusi na nyeupe ya Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza. Hapo itang'aa peke yake.

Pili, hakuna kinachoviunganisha. Tafuta mstari unaojirudia. Mzunguko wa amonaiti na mzunguko wa kikapu cha ukindu kilichosukwa kuanzia kitovuni ni mchoro mmoja kwa mikono miwili tofauti. Akiki iliyokatwa bapa ina miviringo. Mkeka wa rangi una mistari. Vikikaa karibu, jicho linavioanisha lenyewe. Mpingo uliong'arishwa unapendeza karibu na graniti isiyoguswa, kwa sababu ulaini wa kimoja unaonyesha ukwaruzo wa kingine. Graniti hiyo ya vilima vyetu ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na si vibaya kuandika hivyo kwenye kikaratasi kidogo kando yake. Mgeni akisoma namba hiyo analitazama upya jiwe alilokuwa akilipita barabarani kila siku.

Tatu, urefu. Katikati ya picha pakae kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na jiwe dogo lisikae chini sana hata mtu ainame. Kijiwe cha ukubwa wa kidole gumba peke yake kwenye rafu ya mita moja hupotea. Kiinue juu ya kitako cha mbao, au kipe boksi lenye mandharinyuma meusi.

Nne, na mimi huanza na hii: taa. Taa ya katikati ya dari inafuta kila mchongo. Subiri usiku, zima taa zote, chukua tochi ya simu uizungushe taratibu kuzunguka kisukuku. Ikitoka mbele, unaona jiwe bapa. Ishushe upande, karibu sawa na uso wa jiwe, na ghafla kila mbavu na kila mstari vinainuka. Pale tochi ilipokuwa ndipo taa ndogo ya LED ikae. Akiki iliyokatwa nyembamba inataka kinyume chake, mwanga wa kutoka nyuma. Na kwa kuwa rangi ya tingatinga inang'aa, simama pale mgeni anapokaa: ukiona balbu ndani ya picha, sogeza taa juu au pembeni mpaka ipotee.

Chagua LED ya mwanga wa njano, kama kelvini 2700 hadi 3000. Inapendeza kwenye mbao, na inavuta wadudu wachache. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanapopanda, asubuhi yake taa nyeupe iliyo karibu na dirisha inakuwa imezungukwa na mizoga, na mizoga ikisagwa kwa kitambaa juu ya kalsiti inaacha madoa. Ipulize kwanza, kisha tumia brashi. Nyavu za madirisha zinasaidia kuliko dawa ya kupuliza, ambayo mafuta yake hutua juu ya mawe.

Rafu inainama, au vitu vinahama vyenyewe

Mawe hudanganya kwa ukubwa. Graniti yenye ujazo wa ndoo ya lita 10 ina kama kilo 27. Pairaiti ya ujazo huohuo ina kama kilo 50, na galena kama 75. Kwenye ukuta wa tofali za saruji, misumari ya zege peke yake mara nyingi hushika plasta tu, na plasta haibebi. Fundi atoboe kwa drili mpaka ndani ya tofali, atie fisha, kisha skrubu ndefu. Jiwe zito kweli likae chini, sakafuni au kwenye kitako kipana, na picha ibaki juu yake.

Vitu vikisogea kila wiki bila kuguswa, tafuta sabufa. Mtikisiko wake huvitembeza vijiwe mpaka ukingoni. Itoe kwenye samani iliyobeba mawe, na chini ya kila kijiwe bandika kipande kidogo cha nta ya nyuki iliyolainishwa kwa vidole. Ile gundi laini ya kubandikia mabango hutoa mafuta yanayoacha doa kwenye jiwe lenye vinyweleo. Supagluu usiitumie kabisa. Gundi wanayotumia watunza makumbusho, Paraloid B-72, huyeyushwa tena kwa asetoni siku ukitaka kurekebisha, supagluu inakufunga na kosa lako. Vishikizo vya waya fundi bati yeyote anaweza kuvikunja. Mahali panapogusa jiwe weka sponji nyeupe ile ya kufungashia televisheni, si mpira wa tairi la baiskeli, kwa sababu salfa iliyo kwenye mpira hutia weusi shaba na fedha.

Jiwe limepoteza mng'ao baada ya kusafishwa

Limau au siki. Vinasafisha sufuria, lakini vinakula kalsiti, malakiti na karibu kila amonaiti. Povu ulilofurahia kuliona lilikuwa ni jiwe lenyewe likiyeyuka. Jasi haitaki hata maji mengi. Fundi wa kung'arisha anaweza kurudisha sehemu, si michoro iliyoondoka.

Kama jiwe linanata vumbi, huenda lilipakwa mafuta ya nazi ili ling'ae. Mafuta hayo yanachacha, na yakigusa batiki doa halitoki. Kwatzi na graniti zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Mengine yapanguse kwa kitambaa kikavu na uvumilivu.

Kisukuku chenyewe unakitilia shaka

Ukiambiwa kimetoka ndani ya graniti ya Mwanza, kataa. Graniti ilitokana na mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, tena kabla ya kuwapo mimea na wanyama wa kuacha mabaki. Majani meusi ya kuvutia yanayoonekana kwenye mpasuko wa jiwe mara nyingi ni manganizi iliyojichora yenyewe kwa kupita na maji kwenye ufa. Ni mapambo mazuri, ila yaandikwe kwa jina lake. Trilobaiti za Moroko, visukuku vya wanyama wa kale wa baharini wenye gamba la mapingili, hughushiwa sana kwa utomvu wa plastiki. Tafuta vitundu vya hewa, na tazama kama rangi ya mnyama na rangi ya jiwe zinakutana kwenye mstari ulionyooka mno.

Vitu vya kutoingiza ndani, na vya kutookota

Mawe ya marudio, yaani mabaki ya machimbo baada ya dhahabu kutolewa, hata yakimeta, yabaki huko. Yanaweza kuwa na zebaki au sianidi. Jiwe la kijivu cha fedha linalotoa harufu ya kitunguu saumu ukiligonga lina aseniki. Galena ni risasi. Ikae ndani ya kioo ambako mtoto hafiki, na osha mikono kila ukiishika. Mawe yenye nyuzi zinazochambuka usiyakwangue wala kuyakata.

Madini ghafi nunua kwa mwenye leseni au kwenye masoko ya madini yaliyoanzishwa tangu mwaka 2019, na utunze risiti. Visukuku vina ulinzi wao: Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Kenya kuna sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Pwani ya ziwa letu ina utajiri huo kweli. Kisiwa cha Rusinga, upande wa Kenya, ndiko Mary Leakey alikopata mwaka 1948 fuvu lililoitwa la Proconsul, mnyama wa kale wa jamii ya sokwe aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita.

Kwa hiyo ukikuta mfupa ndani ya mwamba ukiwa matembezini, usiuchimbue. Weka sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane, piga picha ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha mahali, hifadhi eneo kwenye ramani ya simu, kisha toa taarifa kwa ofisi ya utamaduni ya halmashauri au kwa makumbusho ya taifa. Picha ya karibu ichapishe kubwa, kwenye karatasi isiyong'aa, uitie fremu. Ukutani itakaa vizuri kando ya mchoro wowote, na chini yake unaweza kuandika mahali, tarehe, na kwamba mfupa wenyewe bado uko pale pale.